Askari Asiyerudi na Nyumba Inayomngoja

Kutoka Konde, kaskazini mwa Pemba, kwenda Ras Kigomasha barabara inapita katikati ya msitu wa Ngezi. Miti imefunga juu, kiza kinaingia mchana, kisha msitu unaisha na mwanga unampiga mtu usoni. Huko nchani, kwenye mnara wa taa, anayetazama kaskazini anaangalia upande wa Mombasa, na Mombasa iko karibu naye zaidi kuliko Dar es Salaam. Wavuvi wa Makangale na Tumbe hawahitaji ramani kulijua hilo. Mhadhara huu juu ya askari waliotekwa na waliopotea vitani unaanzia hapo, baharini, kwa sababu mojawapo ya visa vyake vizito kabisa kilianzia bandari ya Kilindini.

Mapema Februari 1944 msafara wa meli ulitoka Kilindini kuelekea Colombo. Moja ya meli hizo ilikuwa Khedive Ismail, imebeba watu 1,511. Wengi wao walikuwa wapiga mizinga wa Kikosi cha 301 cha Afrika Mashariki, vijana wa Kenya, Uganda na Tanganyika waliokuwa wakipelekwa kupigana na Wajapani huko Burma. Walikuwemo pia mabaharia na manesi. Mchana wa Jumamosi, tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Kijapani iliyoitwa I-27 iliipiga kwa torpedo mbili. Meli ilizama katika muda usiofika dakika mbili. Manowari za Kiingereza zilizokuwa zikiilinda zikaanza kumwaga mabomu ya majini kuisaka nyambizi, na mabomu hayo yaliangukia palepale walipokuwa wakielea waliosalimika. Watu 1,297 walikufa. Waliookolewa walikuwa 214.

Hawana kaburi. Majina yao yamechongwa Nairobi, kwenye ukumbusho ulio ndani ya makaburi ya vita ya barabara ya Ngong, pamoja na ya wengine ambao ardhi haikuwapokea au haijulikani iliwapokea wapi. Jiwe la Nairobi lina heshima yake. Lakini kijijini anakotoka askari, jiwe la mbali halijibu swali analoulizwa mama kila Idi inapofika: mwanao yuko wapi?

Jeshi lina namna tatu za kumwandika asiyerudi. Amekufa, ametekwa, au hajulikani alipo. Aliyetekwa Kiswahili kinamwita mateka. Huyu wa tatu hana neno la mtaani, ila wanazuoni wa fiqhi wanalo: mafkudi, mtu aliyetoweka asijulikane yu hai au amekufa. Kwa Wapemba, ambao wengi wao ni wa madhehebu ya Shafi, neno hilo halikai kitabuni. Linaingia chumbani na shambani.

Mke wa mafkudi si mjane. Hawezi kukaa kizuka, maana eda ya kufiwa, ile miezi minne na siku kumi, huhesabiwa tangu kifo, na kifo hakijathibiti. Kauli ya zamani ya Imamu Shafi, iliyofuata hukumu ya Sayyidna Umar, ilimpa mke miaka minne ya kungoja, kisha akae eda, kisha awe huru. Kauli yake mpya ni ngumu zaidi: angoje mpaka ipatikane yakini. Mali ya mafkudi haigawiwi. Baba yake akifa wakati yeye hajulikani alipo, fungu lake linatengwa na kuwekwa, kwani huenda yu hai na ni mrithi. Hata sala ya maiti asiyekuwepo, ambayo Shafi wanairuhusu, inataka kwanza ijulikane kuwa huyo ni maiti. Nyumba yenye mafkudi basi haina tanga la kuanua. Haina hitima. Mikarafuu yake inachumwa kila msimu na hakuna anayethubutu kusema ni ya nani.

Hiyo ndiyo hoja ya mhadhara huu. Familia ya askari inadai jibu, na jibu hilo ni lazima liwe na jina na liwe limeandikwa. Sifa za ushujaa haziwezi kukaa mahali pake.

Historia ya Zanzibar yenyewe inaonyesha nini hutokea jibu lisipoandikwa. Tarehe 20 Septemba 1914, katika Vita Kuu ya Kwanza, manowari ya Kijerumani Königsberg iliivamia meli ya Kiingereza Pegasus ikiwa inatengenezwa bandarini Unguja, ikaizamisha. Walikufa mabaharia 38. Makaburi ya mabaharia wa Pegasus yapo mpaka leo kisiwani Chapwani, mkabala na Mji Mkongwe, na watalii hupelekwa kuyaona. Wao waliandikwa.

Miaka miwili baadaye, Askofu Frank Weston wa Zanzibar aliombwa akusanye wapagazi. Akapewa cheo cha meja, akaunda Kikosi cha Wapagazi cha Zanzibar, akavuka nao hadi Bagamoyo na kutembea nao kwa miguu katika mwambao wa Tanganyika. Weston alijali watu wake, na baada ya vita aliandika kwa ukali kuipinga serikali ya nchi yake mwenyewe juu ya kazi ya kulazimishwa Afrika Mashariki. Lakini kikosi chake kilikuwa tone tu. Upande wa Uingereza peke yake uliwachukua wapagazi wapatao milioni moja katika vita vile. Hesabu rasmi ilitaja vifo vya karibu 95,000, na wanahistoria wengi wanaona idadi halisi ilikuwa kubwa zaidi. Wachache waliuawa kwa risasi. Wengi walikwisha kwa kuhara, malaria, nimonia na njaa, mzigo ukiwa kichwani, mahali ambapo aliye nyuma alipita tu kwa sababu safu haikusimama.

Mfanyabiashara wa Konde anayevuka kwenda kununua bidhaa Kariakoo analitamka jina lao bila kujua. Kariakoo ni matamshi yetu ya jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi. Palikuwa kambi yao. Nairobi nako kuna Kariokor.

Baada ya vita likaja suala la makaburi. Gavana wa kwanza wa Kiingereza wa Tanganyika, Horace Byatt, aliona kwamba makaburi makubwa ya wapagazi, ya Dar es Salaam na kwengineko, yaachwe yarudi kuwa pori haraka iwezekanavyo, na hakupenda hata kuzitazama takwimu za Waafrika waliokufa. Maneno hayo yamo katika nyaraka za Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola yenyewe. Mwaka 2021 Tume hiyo ilitoa ripoti na kuomba radhi: watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na wengi wao walikuwa wa Afrika Mashariki na Misri. Miaka 100 ilipita. Wajane wote walishakufa wakingoja.

Mateka wa vita hivyo nao wana habari yao. Martin Kayamba alizaliwa Mbweni, Unguja, mwaka 1891, akasomeshwa na wamisionari wa UMCA katika skuli ya Kiungani. Vita vilimkuta upande wa Wajerumani, akashukiwa ujasusi, akafungwa. Alikuwa raia, hakuwa askari, lakini aliishi maisha ya mateka: kufungwa, kuhamishwa, kufanyishwa kazi ngumu pamoja na walimu wengine wa misheni ambao kosa lao lilikuwa kusoma kwa Waingereza. Alitoka kifungoni Tabora mwaka 1916, Wabelgiji walipouteka mji huo mwezi wa Septemba. Aliyaandika maisha yake mwenyewe, na maandishi hayo yakachapishwa Uingereza mwaka 1936. Tunamjua kwa sababu alikuwa na kalamu. Waliolala naye chini kule Tabora, wasiojua kuandika, hawana hata mstari.

Askari mateka wa Kiafrika alikuwa na njia nyengine ya kutoka kambini: kubadili bendera. Mwaka 1917 Waingereza waliunda batalioni ya sita ya King's African Rifles (KAR), jeshi lao la Waafrika, na wengi wa askari wake walikuwa wale waliotekwa kutoka jeshi la Wajerumani. Mtu aliyefundishwa kulenga shabaha na Mjerumani akapewa bunduki ya Mwingereza awalenge wenzake wa jana. Wengine wameliita tendo hilo usaliti. Si haki kusema hivyo. Kijana wa Kinyamwezi au wa Kimanyema aliyekuwa na njaa nyuma ya waya hakuulizwa na yeyote vita vile vilikuwa vya nani.

Jenerali von Lettow-Vorbeck alisalimisha silaha Abercorn, mji unaoitwa Mbala leo, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya. Alikuwa na askari Waafrika 1,168. Wazungu wake walirudi kwao wakapokewa kwa gwaride Berlin. Waafrika wakapelekwa kambini Tabora, na mishahara yao ikabaki deni. Ulipofika mwaka 1964, mwaka aliokufa jenerali huyo, Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa waliobaki. Inasimuliwa kwamba mkuu wa benki aliyetumwa Mwanza aliwakuta wazee wapatao 350, na ni wachache waliokuwa na cheti. Basi akampa kila mmoja fagio badala ya bunduki na kumwamrisha kwa Kijerumani: beba, weka begani, simama imara. Hakuna hata mmoja aliyekosea. Mwili ulikuwa umehifadhi kile ambacho karatasi haikuhifadhi. Aliyekufa njiani, mwili wake haungeweza kumtolea ushahidi wowote.

Heshima ya mateka si jambo geni kwa wasikilizaji wa Konde. Kila mtoto wa chuoni anakijua kisa cha Badri, mwaka wa pili wa Hijra, ambapo mateka wapatao 70 walishikwa, na wale wasiokuwa na mali ya kujikomboa wakaachiwa kwa kuwafundisha watoto wa Madina kusoma na kuandika, kila mmoja watoto kumi. Kulisha mateka kumetajwa ndani ya Kurani pamoja na kulisha maskini na yatima. Sheria za kimataifa zilikuja baadaye sana kuyaweka mambo haya katika vifungu.

Vifungu hivyo, hata hivyo, vina jambo moja dogo lenye thamani kubwa. Mkataba wa Tatu wa Geneva, wa tarehe 12 Agosti 1949, unamtaka mateka ataje vitu vinne tu: jina, cheo, tarehe ya kuzaliwa na namba yake ya jeshi. Na ndani ya wiki moja tangu afikishwe kambini, ana haki ya kuandika kadi, nakala moja iende kwa familia yake na nyengine Geneva, kwenye ofisi ya kutafuta watu ya Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu. Kadi yenyewe ni ndogo, inaenea kiganjani. Ina nafasi ya jina lake, jina la baba yake, mahali alipozaliwa, namba yake, anwani ya jamaa wa karibu, na hali ya afya yake: mzima, amejeruhiwa, anaumwa. Chini, tarehe na saini. Kadi kama hiyo ikifika nyumbani, mafkudi anageuka mateka. Bado ni balaa, lakini ni balaa lenye anwani. Mkataba unampa pia haki ya kutuma angalau barua mbili na kadi nne kila mwezi, na unaamuru aachiwe bila kucheleweshwa mapigano yanapokwisha.

Tanzania imeonja upande wa mwenye kushika mateka. Katika vita vya Kagera, Idi Amin wa Uganda alipoivamia nchi mwishoni mwa 1978 na majeshi ya Tanzania yakaiteka Kampala kufikia tarehe 11 Aprili 1979, askari wengi wa Amin walitekwa, pamoja na makumi ya Walibya waliotumwa na Muammar Gaddafi kumsaidia. Walibya hao hawakuijua nchi wala lugha. Walishikiliwa, kisha wakaachiwa warudi kwao. Mamia ya wenzao waliuawa Uganda, na huko Tripoli na Benghazi zimo nyumba zilizongoja.

Vita vya leo vimevuruga mpangilio huo. Askari wa Tanzania wa siku hizi huenda Kongo au kwengineko akiwa mlinda amani, na anayemshambulia hana serikali, hana kambi rasmi ya mateka, hana kadi za Geneva. Mkataba wa mwaka 1994 wa usalama wa watumishi wa Umoja wa Mataifa unasema mlinda amani akishikwa asihojiwe na aachiwe mara moja. Kundi la porini halikuusaini.

Jioni ya tarehe 7 Desemba 2017, kambi ya Watanzania karibu na mto Semuliki, katika eneo la Beni, Kivu ya Kaskazini, ilivamiwa. Mapigano yalichukua saa nyingi. Umoja wa Mataifa uliwashuku wapiganaji wa ADF, kundi lenye asili ya Uganda. Katibu Mkuu António Guterres alisema ni shambulio baya zaidi dhidi ya walinda amani katika historia ya karibuni. Watanzania 15 waliuawa na zaidi ya 40 wakajeruhiwa. Miili 14 ililetwa Dar es Salaam siku chache baadaye, ikaagwa kwa heshima zote, majeneza yamefunikwa bendera, na taifa likalia. Lakini taarifa ya Umoja wa Mataifa ilikuwa na mstari mmoja zaidi, mfupi, ambao wengi waliusoma haraka: askari mmoja hajulikani alipo.

Mstari huo unastahili kusomwa polepole.

Mwaka uliofuata, tarehe 14 Novemba 2018, si mbali na hapo, walinda amani wa Tanzania na Malawi walikuwa katika operesheni dhidi ya ADF. Koplo Ali Khamis Omary wa Tanzania alipigwa vibaya, akawa hawezi kutembea, na wenzake walikuwa wanarudi nyuma chini ya risasi. Askari mdogo wa Malawi, Chancy Chitete, alimwendea, akamburuta hadi penye kinga. Chitete akapigwa risasi na kufa. Omary akaishi. Mwezi wa Mei 2019 familia ya Chitete ilikabidhiwa New York medali ya ushujaa inayoitwa kwa jina la Kapteni Mbaye Diagne, Msenegali aliyeokoa mamia ya watu Rwanda mwaka 1994. Magazeti yaliandika kwamba Chitete aliokoa maisha. Aliokoa zaidi ya hapo. Majeruhi anayeachwa msituni usiku ndiye anayegeuka mateka, na mateka wa kundi kama lile ndiye anayegeuka mafkudi.

Jirani zetu wa Kenya wana jeraha kubwa zaidi. Tarehe 15 Januari 2016 wapiganaji wa al-Shabaab waliiteka kambi ya Kenya ya El Adde, Somalia. Rais wa Somalia wa wakati huo alitaja hadharani vifo kati ya 180 na 200. Jeshi la Kenya lilikanusha, na serikali haikutoa idadi yake. Miili ilipelekwa Nairobi, mingine ikihitaji vipimo vya vinasaba ili itambulike. Wapo waliochukuliwa wakiwa hai. Kwa sheria ya Kenya, asiyesikika kwa miaka saba anaweza kuhesabiwa amekufa. Serikali ina sababu zake za kuficha idadi wakati vita vinaendelea, maana adui naye anasikiliza redio. Lakini kuficha idadi kwa umma ni jambo moja, na kumnyima mke habari za mumewe ni jambo jengine, na hili la pili halina utetezi. Itifaki ya mwaka 1977 ya Mikataba ya Geneva imelitamka waziwazi: familia zina haki ya kujua yaliyowafika jamaa zao.

Marekani imejenga ofisi nzima kwa kazi hiyo. Wataalamu wake bado wanachimba Vietnam, Korea na visiwa vya Pasifiki wakitafuta mifupa, na orodha yao ina zaidi ya watu 80,000 wasiopatikana, wengi wao wa Vita Kuu ya Pili. Ni nchi tajiri, mtu atasema. Kweli, kuchimba ni gharama. Kuandika si gharama.

Tuseme mwanamke wa Konde mumewe ni askari, na amepotea. Atakwenda kwa sheha, ataelekezwa Mahakama ya Kadhi kwa suala la ndoa, na Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana kwa suala la mirathi. Kila mlango utamuuliza swali lile lile kwa namna yake: ushahidi uko wapi? Kadhi hahukumu kwa uvumi. Anahitaji waraka unaosema fulani bin fulani, namba fulani, alionekana mara ya mwisho mahali fulani, tarehe fulani, na kwamba ametafutwa kwa njia hizi na hizi asipatikane. Waraka huo hauwezi kutoka kwengine ila jeshini. Ukichelewa mwaka, ujana wa mwanamke unachelewa mwaka. Ukichelewa kumi, watoto wameshaoa na kuolewa na baba yao bado hana hukumu. Na waraka unaokiri kwamba hajulikani alipo si aibu kwa jeshi. Ndio unaofungua milango yote mingine.

Familia nayo ina sehemu yake kabla askari hajaondoka. Namba yake ya jeshi iwekwe nyumbani, pamoja na cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, isiwe kwenye simu yake peke yake. Mtu akipotea, Msalaba Mwekundu wa Tanzania unaweza kupokea ombi la kumtafuta na kulipeleka Geneva. Wengi hawajui kwamba huduma hiyo ipo na haina malipo.

Kuhusu waliopotea zamani, watafiti wanaotafuta majina ya wapagazi wamekuwa wakipekua majalada ya jeshi na ya serikali za kikoloni. Majalada hayo hayatoshi, kwa sababu aliyeyaandika mara nyingi aliandika jina moja tu, tena kwa tahajia ya kubahatisha: Juma, Hamisi, Faki. Wako Juma wangapi Pemba? Kinachomtenganisha Juma huyu na yule ni jina la baba na la babu, mtaa aliotoka, mwaka aliochukuliwa, chombo alichopanda na nani alikuwa naye. Hayo yanajulikana na wazee, au yalijulikana na wazazi wao, na hutajwa msibani nasaba inapohesabiwa. Karatasi moja ya daftari la skuli inatosha kuyaandika.